Salahuddin Mnayemuimba Hamjamsoma

Kila mtawala anayetaka kuonekana mkubwa katika nchi za Kiislamu huishia kuliazima jina la Salahuddin Ayyubi. Ni jina rahisi kuazima, maana mwenyewe amelala kaburini Dameski tangu mwaka 1193 na hawezi kulidai. Saddam Hussein alizaliwa jirani na Tikrit, mji alikozaliwa Salahuddin, na ujirani huo akaugeuza kuwa urithi. Wapambe wake wakamchora bega kwa bega na shujaa. Mwaka 1988 ndege zake zikaumwagia gesi ya sumu mji wa Halabja, mji wa Wakurdi. Salahuddin alikuwa Mkurdi! Hafez al-Assad naye akamsimamishia sanamu mbele ya ngome ya Dameski mwaka 1993, miaka 11 baada ya majeshi yake kuubomoa mji wa Hama juu ya vichwa vya wakazi wake. Farasi wa shaba, upanga wa shaba, mateka wa shaba nyuma ya farasi. Sanamu ina faida moja kubwa kwa dikteta: haisemi ilichokiona.

Ulaya nako wamejitengenezea wa kwao. Walter Scott alimwandika katika riwaya ya mwaka 1825 akiwa muungwana anayejigeuza tabibu ili amtibu adui yake. Mwaka 1898 Kaiser Wilhelm II wa Ujerumani akaenda kaburini kwake na kuacha shada la shaba. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha, Lawrence wa Arabia akalibeba, na mpaka leo liko kwenye jumba la makumbusho London. Mwaka 2005 Ridley Scott akamleta kwenye sinema. Huyu wa Ulaya ni Mzungu mpole aliyevishwa kilemba ili awasute Wazungu wakali.

Na sisi? Sisi tumepokea wote wawili, wa sanamu na wa sinema, tukawachanganya, tukawapandisha kwenye mimbari na kuwasambaza kwenye simu. Mtoto wa madrasa anaweza kukwambia kuwa Salahuddin aliikomboa Quds. Muulize ilimgharimu nini, nani alimkatalia, alikosea wapi, alimuua nani asiyestahili kuuawa. Hana la kujibu, na aliyemfundisha hana pia. Mwanasiasa akijenga msikiti mmoja na kulipia futari ya mtaa mzima, hakosi mtu wa kusimama na kumwita Salahuddin wa zama hizi. Watu wanapiga takbiri. Hakuna anayeuliza vigezo.

Vigezo vipo, na vimeandikwa na mtu aliyemwona kwa macho yake.

Bahauddin Ibn Shaddad alizaliwa Mosul mwaka 1145. Alikuwa mwanachuoni wa madhehebu ya Shafii, yaani madhehebu ya pwani yetu hii, na aliwahi kusomesha kwenye chuo cha Nizamiyya, Baghdad. Mwanzoni hakuwa mtu wa Salahuddin hata kidogo. Alikuwa mjumbe wa mabwana wa Mosul, watu ambao Salahuddin alikuwa akiuzingira mji wao ili awanyang'anye. Mwaka 1188, akirudi kutoka Hija, alipitia Shamu, sultani akamwita, akampa ukadhi wa jeshi. Tangu hapo hakuachana naye mpaka siku ya kifo. Kitabu alichokiandika kinaitwa al-Nawadir al-Sultaniyya wal-Mahasin al-Yusufiyya. Ipo nakala yake ya mkono katika maktaba ya Msikiti wa al-Aqsa, iliyonakiliwa mwaka 1228, miaka sita kabla mwandishi hajafariki. Albert Schultens alikichapa Leiden mwaka 1732, Kiarabu pamoja na Kilatini. Hicho si kitabu cha siri. Karibu miaka 300 kiko chapani, na bado tunasimuliana sinema.

Tuanze na fedha, maana hapo ndipo wengi wa hawa Salahuddin wa zama hizi wanapokwama mapema. Mtu aliyetawala Misri, Shamu, Yemen na sehemu kubwa ya Jazira alikufa akiwa na dirham 47 na dinari moja ya dhahabu. Hakuacha nyumba, shamba, bustani wala kijiji. Ibn Shaddad anasema vitu vya maziko vilikopwa, hata majani ya kuchanganyia udongo wa matofali ya kaburi. Sanda akaileta waziri wake, al-Qadi al-Fadil. Watunza hazina walikuwa na desturi ya kumficha fedha za akiba, kwa kuwa wakimwonyesha tu, anagawa. Mhasibu mzuri angesema huo ni utawala mbovu wa fedha, na mimi sitabishana naye. Vita vya Akka viliendeshwa kwa madeni na kwa kubembeleza. Lakini kama mnataka kumwita mtu wenu Salahuddin, tuonyesheni kwanza daftari lake la mali. Leteni hati za viwanja. Leteni akaunti za ng'ambo. Tukikuta 47, tutapiga takbiri pamoja nanyi mpaka sauti zikauke.

Mahakama je? Kila Jumatatu na Alhamisi alikaa hadharani kusikiliza mashtaka, makadhi na mafakihi wakiwa pembeni yake, mlango wazi hata kwa bibi kizee. Mtu mmoja wa Dameski alimshitaki Taqiyyuddin Umar, mtoto wa kaka yake sultani na mmoja wa majemadari aliowapenda mno. Taqiyyuddin akaitwa akasimama barazani kama mshitakiwa mwingine yeyote. Na kuna kesi nyingine kubwa zaidi. Mfanyabiashara Umar al-Khilati alikuja na hati akidai kuwa sultani mwenyewe amekalia mali ya mtumwa aliyekuwa wake, jina lake Sunqur. Ibn Shaddad ndiye aliyempokea, na alimuuliza mdai mwenyewe ana madai gani dhidi ya sultani. Salahuddin alipoarifiwa hakukasirika. Alishuka kwenye takia lake, akakaa chini sambamba na mdai, akajibu hoja kwa mashahidi. Ushahidi ukaonyesha kuwa al-Khilati alikuwa mwongo. Kadhi akamwombea asirudi mikono mitupu, na mwongo huyo akaondoka na joho na fedha.

Hebu mlinganisheni na wakubwa mnaowajua. Ni nani kati yao ameshuka kitini kujibu shitaka la muuza duka? Wetu wana vifungu vya kinga, wana mawakili wa serikali, wana polisi wa kumfuata mshitaki nyumbani kwake usiku. Halafu msemaji wao anasimama na kutaja uadilifu wa Salahuddin, uso mkavu.

Kwenye vita ndiko kitabu kinakochoma zaidi, kwa sababu Salahuddin anayeimbwa hashindwi na wa Ibn Shaddad anashindwa mno. Ushindi wa Hitin dhidi ya Wafaranki, yaani wapiganaji wa msalaba kutoka Ulaya, Julai 1187, na kuingia Quds tarehe 2 Oktoba mwaka huo, Ibn Shaddad hakuyashuhudia, alikuwa hajaajiriwa. Alichokishuhudia ni miaka iliyofuata: Akka imezingirwa tangu 1189, sultani ana majipu kutoka kiunoni hadi magotini, hawezi kukaa kula, lakini anapanda farasi asubuhi na kushuka usiku. Julai 1191 Akka ikaanguka. Septemba akaubomoa mji wa Askalan, ili Richard wa Uingereza asiupate. Alisema angeona afadhali kuwapoteza watoto wake wote kuliko kuvunja jiwe moja la mji ule, kisha akatoa amri uvunjwe. Ibn Shaddad hakuishia kwenye machozi ya sultani. Alitazama pia watu wa mji, wakiuza vyombo vyao kwa bei ya kutupa, kuku 12 kwa dirham moja, wakikimbilia Misri na Shamu, wengine wasijue waende wapi. Mwandishi wa kumsifu bwana wake angeruka ukurasa huo. Yeye akahesabu kuku.

Mwaka 1192, nje ya Jaffa, Richard ana watu wachache mno na Salahuddin anaamuru jeshi lishambulie. Hakuna anayesogea. Anazunguka safu kwa safu, anaahidi, anasihi. Ndugu wa jemadari al-Mashtub akamjibu kuwa awaambie vijana wake wa nyumbani, wale waliowapiga watu siku ya Jaffa na kuwanyang'anya ngawira, wao ndio washambulie. Mbele ya jeshi zima! Richard akapita na mkuki wake kutoka upande mmoja wa safu hadi mwingine, hakuna aliyetoka kumkabili. Sultani akageuza farasi akaondoka kwa hasira, na waliomfuata waliamini siku hiyo vichwa vitaanguka. Havikuanguka. Aliyemjibu hivyo hakunyongwa, hakupotea, hakukutwa kwenye gunia baharini.

Kwa hiyo nikisikia kijana anatiwa pingu kwa kibonzo, halafu usiku huohuo televisheni inamsifu aliyemtia pingu kwa ushujaa wa Kiayyubi, damu inanichemka.

Lakini sikuja hapa kubadilisha sanamu ya shaba kwa sanamu ya karatasi. Kitabu hicho kina damu, na wanaokipenda hupita kurasa hizo kwa haraka kama watu wapitao makaburini.

Baada ya Hitin mateka wa vikosi vya watawa wapiganaji vya Templar na Hospitali waliuawa karibu wote. Imaduddin al-Isfahani, katibu wa sultani, ameandika kwamba waliojitolea kuwachinja walikuwemo wanazuoni na masufi, na sultani amekaa akitabasamu. Quds haikuingiwa kwa mauaji kama walivyofanya Wafaranki mwaka 1099, na hilo ni kweli kubwa linalostahili kusemwa mara mia. Ila walioshindwa kulipa fidia, dinari kumi kwa mwanamume na tano kwa mwanamke, maelfu yao waliingizwa utumwani. Richard alipowaua mateka wa Akka mwaka 1191, karibu watu 3,000 waliofungwa kamba, Salahuddin naye akaanza kuwaua Wafaranki walioletwa mbele yake njiani. Ibn Shaddad anayaandika hayo siku kwa siku, bila kuona haya. Na kwa habari ambayo sisi Waafrika tungepaswa kuwa wa kwanza kuiuliza, mfungueni mwanahistoria Ibn al-Athir: mwaka 1169 Cairo, askari weusi wa makhalifa wa Kifatimi walipoasi, Salahuddin alituma watu wakachoma mtaa wao, wake na watoto wao wakiwa ndani. Waliobaki wakapewa amani wavuke Mto Nile, na huko ng'ambo kaka yake Turanshah akawamaliza. Ni mwanamimbari gani amewahi kutusimulia hilo? Mtu mweusi anamsifu Salahuddin miaka nenda rudi bila kujua kuwa utawala wake Misri ulisimikwa juu ya majivu ya watu weusi.

Kisha kuna Suhrawardi. Kijana mwanafalsafa, hodari wa hoja, alifika Halab na kuwashinda mafakihi wa mji katika mijadala. Wakamshtaki kwa sultani kuwa anaharibu dini. Mtawala wa Halab alikuwa al-Zahir, mtoto wa Salahuddin, naye alimpenda kijana yule. Baba akaamuru auawe. Mwaka 1191 akauawa, mwili ukasulubiwa kwa siku kadhaa. Mnajua Ibn Shaddad ameiweka wapi habari hiyo? Kwenye mlango wa fadhila za sultani, sehemu ya itikadi yake njema! Mauaji ya mtu kwa ajili ya fikra yameorodheshwa pamoja na swala na kufunga. Mwaka uliofuata, al-Zahir alipokuja kumuaga, baba huyohuyo alimuusia ajihadhari na kumwaga damu, kwa kuwa damu iliyomwagwa haisahauliki. Kadhi alikuwepo akasikiliza wosia, akauandika, na wala hakuuliza neno juu ya Suhrawardi.

Hapa sina msamaha kwa Ibn Shaddad. Alikuwa kadhi. Kazi yake ilikuwa kuuliza.

Kuna ukurasa mwingine nauona mgumu zaidi kuliko huo, kwa sababu unagusa huruma. Wezi wa jeshi la Waislamu waliiba mtoto mchanga wa miezi mitatu kutoka kambi ya Wafaranki. Mama yake akavuka mpaka kwa sultani akilia, akigaagaa mchangani. Salahuddin akatokwa na machozi, akaagiza mtoto atafutwe. Alikuwa ameshauzwa sokoni. Akamnunua kwa aliyemnunua na kumrudisha kifuani kwa mama yake, nao wakapandishwa farasi wakarudishwa kwao. Ibn Shaddad alikuwa amesimama hapo. Soko ambalo mtoto wa miezi mitatu anauzwa lilikuwa soko la jeshi lake. Machozi yalikuwa ya kweli, na soko likaendelea siku iliyofuata. Anayetaka kumwelewa mtu huyu lazima abebe vyote viwili, na ndiyo maana watengeneza sanamu hawana haja na kitabu.

Najua nitakachojibiwa: mwandishi huyu alikuwa analipwa, alimwandikia sifa bwana wake, na baadaye akapewa ukadhi wa Halab na mtoto wa bwana huyo. Ni kweli tupu. Kwa lugha ya siku hizi Tanzania, Ibn Shaddad alikuwa na kila sababu ya kuwa chawa. Maandishi yake lazima yasomwe pembeni ya Ibn al-Athir, aliyewapenda mabwana wa Mosul na aliyemlaumu Salahuddin waziwazi kwa kuwaacha Wafaranki wajikusanye ndani ya mji wa Sur. Lakini hata mtumishi huyu wa kulipwa alijiwekea sharti ambalo chawa wetu hawalijui: kuanzia siku aliyoajiriwa, alisema, ataandika aliyoyaona mwenyewe au aliyoambiwa na mtu wa kuaminika. Ndiyo maana tunajua juu ya usiku wa mwaka 1192 ndani ya Quds, Richard akikaribia na majemadari wamegawanyika, sultani hana usingizi wala ushauri, na kadhi hana la kumpa ila kumwambia atoe sadaka ya siri na asujudu. Tunajua pia kuwa kadhi mwenyewe aliiogopa bahari. Walipokuwa wakipita pwani wakati wa baridi, mawimbi yakiumuka, alijiapia kuwa hata angepewa dunia nzima asingesafiri maili moja majini. Sultani pembeni yake anawaza kuvuka kuwafuata Wafaranki kwao. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wasifu za viongozi wanazotuuzia kwenye uzinduzi wa hoteli kubwa zimejaa maji hadi ukingoni: kurasa 400, picha za rangi, hakuna mtu mmoja aliyemkatalia mheshimiwa kitu tangu azaliwe.

Msomeni pia kwa ajili ya siku za mwisho, enyi mnaopenda kuzungumzia urithi wa uongozi. Homa ilimshika Salahuddin Februari 1193. Baba hajafa, al-Afdal, mkubwa wa watoto, amekwisha kukaa mahali pa baba yake kwenye chakula, na watu waliokuwepo wanalia kwa kuona hivyo. Baba hajafa, majemadari wanaitwa mmoja mmoja waape utii. Ibn Shaddad anataja majina: huyu ameapa, huyu ameapa kwa sharti ngome yake isiguswe, huyu hakuja kabisa. Maymun al-Qasri akasema ataapa kwa sharti asilazimishwe kuchomoa upanga dhidi ya ndugu za al-Afdal. Alijua alichokuwa akikisema. Sultani akafariki alfajiri ya Machi 4. Haikupita muda ndugu wakazingirana, mwaka 1196 al-Afdal akafukuzwa Dameski, na kufikia 1200 ami yao al-Adil alikuwa ameichukua Misri pia. Aliyeingia Quds alishindwa kuwapanga watoto wake mwenyewe.

Masheikh mnaokijua Kiarabu, kutoka Lamu hadi Zanzibar na vyuo vyote vya katikati, hili linawahusu ninyi kabla ya mtu mwingine. Mnaweza kukisoma kitabu hiki bila kumwomba Mzungu ruhusa wala tafsiri yake. Kifungueni darasani. Kitafsirini chote kwa Kiswahili, mlango kwa mlango, pamoja na kesi ya al-Khilati, pamoja na kuku wa Askalan, na ukurasa wa Suhrawardi msiuruke.